Kiwanja cha Harusi Yetu

Matanga yalipoanuliwa, wapangaji walinisaidia kurudisha viti vya kuazima. Nilibaki na ufagio katika uwanja wetu hapa Mbinga mjini, peupe palipozungukwa na vyumba vya kupangisha. Marehemu mume wangu Ignatio hakukubali pajengwe. Naandika sababu yake isije ikanipotea.

Tulichumbiana miaka ile watu binafsi walipoanza kununua kahawa kwa bei nzuri. Kwetu Litembo harusi ziligeuka mashindano. Mmoja akichinja ng'ombe, jirani anachinja wawili, mwingine analeta muziki wa jenereta kutoka Songea. Baba yangu, mzee Egidi, hakuwa na kahawa ya kujivunia, lakini mimi nilikuwa binti yake wa pekee. Alisema wazi kwamba bila sherehe ya kuonekana, Luisa hatoki nyumbani kwake.

Ignatio alikuwa Mnyasa wa Mbamba Bay. Aliuza usipa, dagaa wa ziwani, katika soko la Mbinga. Michango ya harusi ilipokamilika, mji nao ukawa unapimwa viwanja, akanijia na wazo lake.

"Sherehe italiwa siku moja," aliniambia. "Tukinunua kiwanja, tutajenga vyumba tupangishe. Tutakula hapo mpaka uzeeni."

Ndugu zake waliochanga walikubali, huku wakimcheka kwamba anaoa udongo. Mimi pia nilikubali, ila sikulala vizuri tena. Ignatio nilimpenda, na baba nilimjua.

Kwa desturi Ignatio hakuweza kwenda mwenyewe kwa mkwe, akamtuma mshenga wake, Florian. Florian alimweleza baba kwamba Ignatio amepata kiwanja Mbinga, na fedha yote ya harusi imeingia humo. Baba alifurahi mno. Kwetu kiwanja kilikuwa mahali pa kuchezea mpira au ngoma. Ardhi tuliiita shamba, nayo ilikuwa ya ukoo, haikununuliwa. Kwa hiyo baba alielewa kwamba mkwe amekodi uwanja mjini ili harusi ichezwe huko, jambo ambalo hata wenye kahawa hawakuwa wamelifanya. Florian alishangaa kumwona amefurahi, lakini hakuuliza. Alirudi akasema mzee amekubali bila shida.

Siku ya ndoa tulitoka kanisani tukitegemea chai na maandazi tu. Nje tulikuta lori limejaa watu wa Litembo, vyungu vya pombe na wachezaji wa ngoma ya mganda katika suruali zao nyeupe. Baba alimwuliza Ignatio kiwanja kiko wapi, naye Ignatio, kwa fahari, akatuongoza sote.

Tulifika kwenye magugu ya kiunoni.

"Turubai liko wapi?" baba aliuliza.

"Turubai la nini, baba?"

Baba alinishika mkono, na kwa jinsi alivyoukaza nilijua angeweza kunirudisha kwenye lori. Kisha aliona kigingi cha zege kimetokeza kwenye nyasi, akakigusa kwa kiatu.

"Na hiki?"

"Bikoni, baba. Ni mpaka." Sauti ya Ignatio ilikuwa ndogo. "Kutoka hapa hadi kwenye ule mti ni kwetu. Jina la Luisa limeandikwa pamoja na langu. Hata nikifa mimi, hakuna wa kumtoa."

Baba aliitazama bikoni. Dada yake alifukuzwa kwa wakwe baada ya kufiwa, akarudi Litembo na mkeka mmoja. Sote tuliijua habari hiyo. Polepole aliuachia mkono wangu, akavua koti na kunipa nishike.

"Fyekeni," aliwaambia watu wake. "Harusi haichezwi kwenye magugu. Na wewe Florian, Kiswahili chako kitatuua."

Mwenye duka la jirani, bi Mwanahawa, alileta majembe, mafyekeo na turubai lake la kufunikia bidhaa. Alisema amewauzia mabwana harusi viatu na manukato, lakini hajawahi kumwona anayehitaji jembe. Tulicheka, na baba alicheka zaidi yetu. Walifyeka, wakasawazisha matuta, wakaucheza mganda hapohapo mpaka udongo ukashikamana kama sakafu.

Vyumba tulivijenga baadaye, kimoja kimoja, vikauzunguka uwanja huo. Madalali walimshauri Ignatio aujaze, kwa kuwa anapoteza kodi. Aliwajibu, "Hapo pana watu."

Juma hili waliketi hapo kweli, Wanyasa wa kwao na Wamatengo wa kwetu, wakimlilia. Baada ya matanga, shemeji yangu mkubwa, kaka yake Ignatio, aliniomba nimwonyeshe bikoni. Nilimpeleka. Alichutama, akaisafisha udongo kwa kiganja, akasema, "Shemeji, usiache ikafunikwa na nyasi." Kisha aliniaga akapanda gari la Mbamba Bay.

Nimemaliza kufagia. Nimefyeka na pale kwenye bikoni.