Marehemu Krause Apiga Kura

Jumapili ya kumchagua mwenyekiti wa kijiji, Saumu alipanga foleni saa moja asubuhi na ndoo tupu mkononi. Kituo cha kura na bomba la maji vipo uwanja mmoja, na mtu ambaye kitalu chake cha hoho kinanyauka hana muda wa safari mbili. Nyuma yake akaja kusimama Krause, mlowezi wa Kijerumani aliyezikwa mwaka 1912 chini ya mikaratusi. Alikuwa na udongo mabegani.

"Shikamoo, mama."

Saumu alipiga hesabu. Krause alikufa na miaka arobaini na moja. Yeye ana hamsini na nane.

"Marahaba. Za huko?"

Krause akaeleza, bila kuulizwa, kwamba enzi zake alikuwa akisema mtu mweusi hawezi kuongoza hata banda la kuku. Huko chini amepata muda wa kufikiri, miaka mia na ushee, akaona alikosea. Sasa amekuja kumchagua mweusi. Wagombea wote wawili walikuwa weusi, kwa hiyo hakupata shida.

"Hongera," alisema Saumu. Walowezi wenzake wengine bado wanafikiri.

Msimamizi alilitafuta jina la Krause daftarini akalikuta. Marehemu wa kijiji kile hawakosi daftarini.

Akashinda Zabron, aliyeahidi maji kwa kila kitalu. Krause alilia, kisha akatoa kwenye koti lililooza ufunguo wa koki kuu ya chemchemi. Alizikwa nao, ndiyo maana mpaka leo maji mengi yanaishia kwenye bustani yake ya zamani, na kijiji kizima kinagombea bomba moja. Akamkabidhi Zabron mbele ya watu. Saumu alipiga makofi mpaka viganja vikamuuma.

Zabron akautia ufunguo mfukoni. "Maji yana utaratibu wake," alisema. Kesho yake maji yakahamia shambani kwa Zabron.

Wiki ya pili, Saumu alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya bomba lile lile. Krause alikuja na ndoo, akasimama mwisho. Zabron, aliyekuwa akipita, akamwona.

"Jamani, mpisheni mgeni."

"Hapana, Mwenyekiti, mambo hayo niliyaacha," alisema Krause, huku akisogea mbele.

Saumu aliirudisha ndoo yake nyuma. Ndoo ya Krause ilipojaa, bomba likakauka. Marehemu hanywi maji. Alikuwa anakwenda kumwagilia mawaridi ya kaburini kwake.

"Shikamoo, mama," aliaga.

"Marahaba," alijibu Saumu, akaenda kung'oa hoho zilizokauka.