Mpaka wa Michungwa

Wilhelmina alibonyeza chungwa kwa kidole gumba, na kidole kikazama. Ndani alikuwamo kiwavi wa rangi ya waridi, amenenepa kwa jasho la wengine.

"Mama, vile vikamba vya shemeji yako ulimpelekea?" aliuliza Hellen, bibi shamba wa kata, akitazama matawi. Kwenye kila mchungwa wa Wilhelmina vilining'inia vikamba viwili badala ya kimoja.

Wilhelmina akaokota chungwa jingine.

Mwanzoni mwa msimu Hellen alikuwa amemweleza vizuri, hapa hapa Bujora. Usiku nondo jike hutoa harufu, dume akaifuata. Ukitundika vikamba vyenye harufu hiyo kwenye kila mti, dume huzunguka mpaka akachoka asimpate mwenzake, na viwavi hawazaliwi. Lakini shamba la Paulo, marehemu mumewe Wilhelmina, lilipakana na la mdogo wake, Masalu. Jike aliyepandwa kwa Masalu angeruka tu akaja kutaga kwa Wilhelmina. "Kwa hiyo mtundike wote," alisema Hellen, akamwachia vikamba vya mashamba mawili.

Kuvipeleka kulitaka salamu, na salamu ndiyo iliyomshinda. Masalu aligombana na Paulo kwa ajili ya mpaka, na Paulo alipofariki hakuja kumzika. Wilhelmina akaapa hatakanyaga kwake. Akaona akizidisha harufu upande wake itatosha. Hasira hasara, wahenga walisema, ila nani huwakumbuka wahenga akiwa amenuna?

Sasa machungwa yalikuwa yamepukutika yote. Jonathan, mwanawe, alishasema: msimu huu ukiharibika, michungwa ya baba inakatwa na shamba linauzwa viwanja. Jonathan akishasema, amesema.

"Haya yafukiwe, mama," alisema Hellen kwa upole. "Wadudu wasitoke."

Asubuhi iliyofuata Wilhelmina alikuwa akichimba shimo aliposikia jembe la pili likigonga udongo. Alikuwa Masalu. Hellen alikuwa amempitia jioni.

"Mwangaluka, shemeji."

Wilhelmina alichimba kidogo kwanza, ndipo akaitikia salamu. "Mwangaluka."

"Ungemtuma hata mtu. Ningevitundika siku ile ile."

"Na wewe ungekuja msibani."

"Nilikuja. Nikafika pale kwenye ua, nikasikia mnalia. Miguu ikakataa, shemeji."

Wilhelmina alitaka kumtukana, akajikuta analia. Aliwalilia wote: mume, miti yake, na huyu mjinga aliyesimama nje ya ua siku nzima pengine, na yeye ndani hakujua. Masalu hakumnyamazisha. Waliendelea kuchimba.

Shimo lilipotosha, wakamimina machungwa, ndoo baada ya ndoo, yakajaa mpaka karibu na ukingo. Wilhelmina akainua jembe afukie.

Masalu alikuwa ameweka lake chini. Alipiga magoti, akachota udongo kwa mkono, akautupia taratibu juu ya machungwa. Akachota tena. Midomo yake ilikuwa ikimnong'oneza kaka yake.

Wilhelmina akashusha jembe, akamngoja.