Wameniandika Hakufika

Barua ya wito ilisema saa mbili asubuhi, chumba namba nne. Nilifika saa moja na nusu. Chumba namba nne kilijaa viti vilivyovunjika. Mlinzi akanituma namba sita, namba sita wakanituma namba mbili. Saa nne ndipo tulipokusanywa koridoni, watu kumi na mmoja na benchi la watu watatu.

Kazi ya ukarani wa masjala niliihitaji kufa na kupona. Tangu mume wangu afariki, binti yetu analelewa na wifi yangu. Wifi alishasema mbele ya ukoo: "Ukipata ajira, njoo umchukue mwanao. Mwezi huu ukiisha bado, namwandikisha shule ya huku. Mtoto si mpira." Mwezi ulibakiza siku mbili.

Mhazili akatoka na orodha. "Mama, jalada lako halionekani. Bila jalada huwezi kusailiwa."

"Nimelileta mwenyewe, nikasaini."

"Kusaini umesaini. Jalada ndilo halipo."

Mzee aliyeomba udereva akaguna. "Hawa watapoteza hata jengo, dada."

Tulicheka, hata mhazili. Kisha akasema, "Twende basi tukalitafute."

Masjala ilikuwa aibu. Majalada yalipangwa kwa tarehe ya kupokelewa, lakini muhuri wao wa tarehe ulikwama tangu mwaka jana, kwa hiyo maombi yote yalipokelewa siku moja. Wapishi, madereva, wauguzi, wote rundo moja sakafuni. Nina stashahada ya kazi hiyo. Nilivua koti, nikaanza kuyatenga kwa nafasi iliyoombwa. Langu nililikuta katikati ya wafagizi.

"Una mkono mwepesi!" alisema mhazili. "Nimalizie na haya ya madereva, mama yangu. Jopo bado liko kwenye chai."

Ningeondoka. Lakini nilijiambia, wakiniona nachapa kazi, nusu ya usaili nimeshapita. Nikamaliza ya madereva, nikamaliza na ya wauguzi.

Niliporudi, korido ilikuwa tupu. Alibaki yule mzee, anafunga kamba za viatu.

"Dada, ulikuwa wapi? Wamekuita mara tatu!"

Niliingia bila kubisha. Wajumbe walikuwa wanafunga mikoba. Mwenyekiti akaniangalia juu ya miwani.

"Wewe tumekuandika hakufika. Fomu tumeshasaini."

"Nilikuwa masjala kwenu, natafuta jalada mlilolipoteza nyinyi."

"Nani alikupeleka?"

Nikamwonyesha mhazili, aliyekuwa nyuma yangu. Akainamisha macho. "Nilimwambia atafute lake tu, mheshimiwa. Hayo mengine alijipa mwenyewe."

"Umesikia," alisema mwenyekiti. "Nafasi ikitangazwa tena, omba."

Nililiweka jalada langu mezani kwake. Hakuligusa.

Nje ya geti nilimpigia wifi. Kumzungusha kungesaidia nini?

"Sikupata. Hata kusailiwa sikusailiwa."

"Pole, wifi. Kesho nampeleka kumwandikisha. Usije kusema nimekunyang'anya."

"Mwandikishe. Nipe niongee naye."

Mtoto alikuja mbio, nikamsikia anahema.

"Mama, nguo zote nimeshapanga. Na daftari. Unakuja leo au kesho?"

"Zirudishe kabatini, mwanangu."

"Zote?"

"Zote."