Mabeseni Mawili ya Mwani

Kabla ya alfajiri nilisikia maji yakimwagwa polepole kutoka beseni hadi beseni. Nilijua ni Bi Mwanaesha, mwenyeji wetu wa Voi, anatafuta maji ya udhu. Nikajifunika tena. Mjukuu wangu Mable alikuwa bado amelala, amechoka na safari yetu ya kutafuta mwani Ronge na Marungu.

Kulipopambazuka alitoka uani, akapiga kelele. "Nyanya! Beseni lingine liko wapi?"

Lilikuwa mlangoni, limesuguliwa likang'aa, lina maji safi ya kunawa uso. Bi Mwanaesha alikuwa ametutayarishia sisi wageni. Mwani wote, ule wa chemchemi ya Ronge na ule wa lambo la Marungu, alikuwa ameuweka pamoja katika beseni moja.

"Mwanangu, si majani yale yale?" aliuliza. "Na shida ya maji ya Voi unaijua. Utajazaje mabeseni mawili kwa majani?"

Mable aliketi chini. Mwaka huo wa 1956, mwalimu wake wa Mombasa alikuwa amemwahidi kazi ya maabara, ila kwanza amletee aina mbili za mwani wa maji baridi, azitambue mwenyewe. Gari la moshi lilikuwa la asubuhi hiyo hiyo.

Nilishika mmea mmoja, ukakwaruza vidole. Wa pili ukakwaruza vile vile. Nikanusa: kitunguu saumu. Wa pili pia, kitunguu saumu.

"Huu ni wa Ronge," nikasema.

"Hapana, Nyanya." Kisha akautazama tena. "Labda ndiyo."

Akatoa kioo chake cha kukuzia. "Tafuteni vitone vya rangi ya chungwa. Hivyo ndivyo vya kiume; vya kike ni vya kijani. Kwa aina ya Ronge, mume na mke hukaa kifundo kimoja cha mmea. Kwa ya Marungu, kila mmoja ana mmea wake."

"Kama mimi na Badawy wangu," Bi Mwanaesha akasema. "Yeye Mombasa, mimi Voi."

"Basi wewe ni wa Marungu," nikamwambia. Hata Mable alicheka.

Yenye mume na mke tuliiweka Ronge. Yenye waume watupu, Marungu. Ile ya wake watupu ikatuchanganya. Je, ni ya Marungu, au ni ya Ronge iliyodondosha vitone vyake vya kiume ilipomwagwa? Mable aliihamisha huku, akairudisha kule, mpaka mimi mwenyewe sikujua tena nimeshika nini.

Bi Mwanaesha hakugusa chai yake. Alimwaga iliki, bizari na karafuu zake kwenye sahani, akaosha zile chupa tatu, akampa Mable.

"Hii ya tatu nitamwambia sijui," Mable akasema.

"Atakunyima kazi?"

"Huenda. Lakini nikikisia, nitakuwa nimemdanganya."

Bi Mwanaesha alizibeba chupa mwenyewe hadi stesheni, amezikumbatia ndani ya buibui. Mable alipopanda, alimpokeza moja moja dirishani, na ile ya tatu akaishikilia kidogo.

"Akupe kazi, asikupe, pitia kwangu tena." Akanigeukia mimi. "Nawe Mama Gibson, uje. Njooni na mwani wenu. Mtanawa uso kwenye sufuria."