Kopo la Fundi Kasmiri

Kopo lilitangulia kusikika kabla ya baiskeli. Kachaka, kachaka, kutoka upande wa mashamba ya ufuta, na kuku wote wa Nandagala, abishe mwenye kubisha, wakaingia uvunguni. Ndani ya kopo mlikuwa na yale yaitwayo meno ya plastiki, ambayo Fundi Kasmiri aliyang'oa kwenye fizi za watoto wachanga, kwa spoku ya baiskeli aliyoinoa mwenyewe. Wapo walioapa kwamba kopo lile hujitikisa lenyewe likiwa na njaa.

Tunu alilisikia akiwa anamfuta Kaimu, mwanawe wa miezi minane. Kuhara kulikuwa kumerudi tangu jana yake, na macho ya mtoto yalianza kuzama.

"Mama, umemwita yule?" alimuuliza mkwewe, Mwantumu.

"Ulitaka nimwite nani, fundi redio? Mtoto anahara, anatafuna vidole. Meno ya plastiki hayo, hata kipofu anayaona."

"Nesi alisema hakuna meno ya namna hiyo."

"Nesi kazaa wangapi?"

Mwezi huo huo, mwaka ule wa 2009, nesi wa zahanati alikuwa amempa Tunu vidonge vya zinki, Kaimu alipohara mara ya kwanza. Kimoja kila siku kwa siku kumi, kiyeyushwe kwenye kijiko cha maziwa yake mwenyewe. "Akiacha kuhara, wewe usiache," nesi alimwambia. "Kuhara kumemkomba zinki mwilini. Usipoirudisha, utumbo hautapona, na ugonjwa unaijua njia ya kwenu." Lakini Kaimu alipopata nafuu tu, Mwantumu, ambaye hajawahi kula kitu kizima peke yake, aliikata pakiti kwa kisu, nusu akampelekea jirani yao Scholastika. Teofili wa Scholastika naye alikuwa anahara. Ile nusu nyingine nayo ilienda kwa mtoto wa shemeji yake Tunu. Ujirani ndivyo ulivyo.

Kachaka. Karibu sasa.

Tunu akamfunga Kaimu mgongoni, akatokea mlango wa nyuma.

"Wapi?" Mwantumu akauliza.

"Kuvifuata vidonge."

"Kitu ulichogawa unakirudia? Aibu hiyo uivae mwenyewe!"

Kwa Scholastika pakiti ilikuwa imechomekwa kwenye ufa wa ukuta. Haikutobolewa hata kidonge kimoja.

"Sikumpa, Mama Kaimu," Scholastika alisema bila kuinua macho. "Fundi kanikataza. Eti dawa ya hospitali ikiyakuta meno, yanaota mizizi. Akayang'oa juzi."

Teofili alikuwa mkekani. Fizi zilikuwa zimevimba, nyeusi, na harufu ilifika mlangoni.

"Kaacha kulia tangu lini?"

"Asubuhi. Nikajua kapata nafuu."

Tunu alikamua maziwa kwenye kijiko, akayeyusha kidonge, Kaimu akakunja uso na kumeza. Kisha akasema, "Mbebe mwanao. Twende zahanati, sasa hivi."

Walikutana na fundi njiani. Mwantumu mbele, kama mtu anayeleta mgeni wa heshima, Kasmiri nyuma akikokota baiskeli.

"Huyo hapo," Kasmiri akatabasamu, spoku tayari mkononi. "Bibi, mshike kichwa mjukuu wako. Hatachelewa kunyamaza."

Mwantumu akanyoosha mikono. Tunu hakurudi nyuma. Alifunua kanga usoni kwa Teofili.

"Mshike, mama. Ila mtazame huyu kwanza. Naye kanyamaza."

Mwantumu aliinama. Akainuka taratibu, kiganja kikiwa puani. Akasimama katikati ya njia, baina ya spoku na Kaimu.

"Fundi, geuza baiskeli."

"Mtaniita tu," Kasmiri alisema, bila hasira. "Huwa mnaniita."

Wakampita, Mwantumu akishika mkia, akiwahimiza wakaze mwendo. Tunu aligeuka mara moja. Kasmiri alikuwa amesimama palepale, mikono yote miwili kwenye usukani, baiskeli imetulia, hata jani halichezi.

Kachaka, kachaka.

Kaimu akaanza kulia kwa nguvu, na Tunu hakumbembeleza. Aliitaka ile sauti. Alikuwa akisikiliza ya pili, kutoka mgongoni kwa Scholastika. Zahanati ikaanza kuonekana. Ya pili ilikuwa bado.