Fidélie Anapanda Mkeka

Nyumbani kwa Germaine, pale Nchelenge, chakula cha jioni kililiwa kwenye mkeka mmoja mrefu, na kila mtu alikuwa na mahali pake. Juu kabisa, penye ukuta, alikaa Papa Ilunga, naye ndiye aliyekula tumbo la samaki lenye mafuta. Alifuata Germaine, kisha watoto tisa kwa mpangilio wa kuzaliwa. Ruffin, kifungua mimba, miaka kumi na saba, alipata mgongo. Fidélie, wa sita, miaka kumi, alipata mkia. Waliokuwa chini yake walipata mchuzi, na habari kwamba samaki alikuwepo.

Mwezi wa tisa mwaka huo Ilunga alipanda boti akaenda kisiwani Kilwa, mlemle ziwani Mweru, kununua samaki. Germaine akabaki na magunia ya chisense, vile visamaki vidogo vya Mweru vinavyoanikwa mchangani. Chisense hawana subira. Lazima uwatandaze asubuhi, uwageuze saa sita, uwafukuzie ndege, uwazoe kabla umande haujashuka. Kazi hiyo inataka mikono mingi, na Germaine alikuwa nayo kumi na minane, ila akiita tu, yote ilitoweka kama vifaranga vilivyoona mwewe. Alijaribu fimbo. Alijaribu bonbon, peremende za dukani, zikaisha siku ya tatu. Basi jioni moja akasema:

"Batoto, musikie. Kuanzia kesho, mambo ya nani alizaliwa mbele inaisha. Mwenye kutumika kazi kupita benzake atapanda nafasi moja ku mkeka. Na ule atapitwa, atamwita yaya, ni kusema mukubwa wake."

Kesho yake Fidélie alifagia lupango lote, ua mzima wa nyumba, akachota maji mara nne, akageuza chisense bila kuambiwa. Jioni akakaa nafasi ya tano. Asubuhi sketi yake ya shule ilikuwa imepanda juu ya magoti. Germaine akafumua upindo, akaishona upya, akaendelea na kazi zake.

Wiki ya pili Fidélie alimpita Ruffin. Ndevu chache za Ruffin, zile alizokuwa akizipaka mafuta kila Jumapili kabla ya kanisa, zikarudi ndani zilikotoka, na sauti yake ikawa nyembamba.

"Yaya," alisema, "niachie mgongo kidogo."

"Uoshe sufuria kwanza, mutoto."

Ruffin hakukasirika sana. Aligundua kwamba mtu akiwa mdogo hatumwi mbali.

Shuleni mwalimu alimwondoa Fidélie kwenye dawati la darasa la nne, akampa kiti cha wazazi, akamwuliza amekuja kwa ajili ya mtoto gani. Fidélie akafikiri kidogo, akasema amekuja kwa ajili ya Fidélie. Mwalimu akamwambia huyo ni msichana mwenye bidii, ila siku hizi haonekani. Asiyeamini akamwulize Mukuka, jirani yao, ambaye siku hiyo alikuwa amekaa kiti cha pili.

Sasa juu ya Fidélie alibaki mama yake.

Germaine aliliona hilo. Mchana ule alisimama ufukweni akimtazama binti yake ameinama juu ya mchanga, mgongo mpana, mikono ya mwanamke aliyelea wengi. Alikuwa nalo neno mdomoni: acha, mwanangu, inatosha, nenda ukacheze. Lilikuwa neno fupi. Lakini upepo ulikuwa umegeuka, magunia saba yalikuwa bado, na mwezi wa kumi na mbili serikali hulifunga ziwa, samaki wasivuliwe.

"Leta ile bâche," Germaine akasema. Fidélie akaleta turubai.

Jioni walibadilishana nafasi. Alfajiri Germaine aliamka akiwa mwepesi. Maumivu ya kiuno aliyokuwa nayo tangu amzae mtoto wa saba yalikuwa yamehama. Alimsikia Fidélie upande wa pili wa pazia akiinuka taratibu, mkono mmoja kiunoni, akitafuta ufagio.

"Unalala muzuri, mama?" Germaine akamwuliza.

"Nilale namna gani? Maji haijachotwa."

Papa Ilunga aliporudi kutoka Kilwa alikuta mwanamke mwenye mvi karibu na nafasi yake. Akavua kofia.

"Huyu kambo, huyu bibi, anatoka wapi?"

"Huyu njo Fidélie wako," Germaine akasema. "Anatumika sana."

"Ah. Muzuri. Batoto ba sasa habatumikake." Akakaa, akanawa mikono. Baada ya siku nne yeye mwenyewe alikuwa amepitwa, na kikohozi chake cha miaka mingi kilikuwa kimepona.

Ndivyo Fidélie alivyolipata tumbo la samaki. Meno yalikuwa yamebaki mawili, tena hayakutazamana. Akalinyonya polepole, watu wote kimya wakimngojea, kwa kuwa mkubwa hajamaliza. Alipomaliza akajifuta midomo.

"Mama," akamwambia Germaine, "kesho ni Jumamosi. Nikimaliza kazi, niende kucheza?"

"Enda. Nani anakukataza?"

Jumamosi alishuka ufukweni na fimbo yake. Wasichana wa darasa la nne walikuwa wakirushiana mpira wa plastiki. Walipomwona wakapiga magoti mchangani, wakapiga makofi taratibu kama walivyofunzwa kwao. "Mwapoleni, ba mbuya," wakamwamkia bibi huyo, kisha wakaendelea na mpira. Fidélie akaingia katikati, akaegemeza fimbo kwenye mtumbwi, akanyoosha mikono yote miwili. Mpira ulipita kushoto, ukapita kulia. Hakuna aliyemrushia. Bibi wa watu hapigwi mpira.

Alisimama hivyo mpaka wingu lilipotokea upande wa Kongo.

"Fidélie!" Germaine akaita. "Mvua!"

Watoto wanane walisikia, Fidélie akaja. Alizoa magunia matatu peke yake, akikohoa.

Sheria ilikuwa sheria. Jioni ile ilimpasa kupanda, na juu yake palikuwa na ukuta. Ilunga akafikiri, akasema baada ya ukuta anayefuata ni mama yake mwenyewe, Arlène, aliyezikwa Kabuta mwaka wa kipindupindu. Asubuhi Davison, anayebeba samaki kwa baiskeli, alimfunga Fidélie kwenye keria kwa ukanda wa mpira, kama anavyofunga vikapu, akampeleka. Germaine alimfunga kitambaa kichwani. Neno lile lilikuwa bado mdomoni, naye alikuwa na nywele nyeusi ti na kiuno cha msichana. Akalimeza.

Kule Kabuta, Davison alisema, Arlène alikuwa amesogea kaburini kumpisha.

Chakula cha Fidélie hupelekwa kila jioni. Mwanzoni watoto walisukumiana. Germaine akaamua kwamba atakayekipeleka atapanda nafasi moja, na Jeanine, miaka minane, akawa amesimama kabla mama hajamaliza kusema, bakuli kichwani.

Alirudi na bakuli la jana. Lilikuwa limesuguliwa kwa mchanga mpaka linang'aa, na makaburini, alisema, pote palikuwa pamefagiliwa.

Germaine akaliinua bakuli, watoto wote waone.

"Muangalie mwenzenu," akasema. "Hata kule anatumika."