Kipindi Kilichohamia Kifuani

Jumapili asubuhi Vimla alihamishia viatu vyote kitandani ili mumewe apate mahali pa kukaa ndani ya kabati la nguo. Sari aliziacha zikining'inia. Krish, mpwa wa mumewe aliyekuwa amerudi kutoka Leicester, Uingereza, na shahada ya mawasiliano, alikuwa amesema kwamba hakuna studio Nairobi nzima inayoshinda kabati la mwanamke wa Kigujarati: hariri humeza mwangwi wote, na sauti hutoka nzito, ya mtu wa kuaminika. Daktari Lalit akaingia na kigoda, kompyuta na maikrofoni iliyovishwa soksi. Mlango ukafungwa. Vimla akaenda jikoni kuchemsha chai, akinyata ili asiiharibu elimu.

Podkasti ilikuwa wazo la Krish, lakini kiu ilikuwa ya Lalit. Alikuwa ametibu watu Parklands kwa miaka mingi, ghorofani juu ya duka la miwani, na hakuna aliyemjua isipokuwa wagonjwa wake. Kanuni za kazi zilimkataza daktari kujitangaza. Hangeweza kutundika bango barabarani wala kulipia nafasi gazetini. Na wakati huohuo vijana aliowafundisha yeye mwenyewe kupima presha walikuwa wakialikwa kwenye televisheni kuzungumzia sukari, wamevaa tai nyekundu. Jambo hilo lilimuuma Lalit kuliko alivyotaka kukubali.

"Anko, wewe hutangazi kitu," Krish alimwambia. "Unaelimisha umma. Mada moja kila wiki. Ongea kana kwamba unaongea na mtu mmoja tu. Usiseme 'njooni kwangu.' Mtu akishazoea sauti yako, miguu itamleta yenyewe. Na usiache kimya hata kidogo. Ukinyamaza, mtu anadhani hujui."

Kazi ya kuondoa kimya alipewa Vimla, aliyekuwa akikaa mapokezi. Lalit alikuwa na tabia ya kutua baada ya kila sentensi, akivuta pumzi kama aliyepanda ngazi. Kati ya mgonjwa na mgonjwa Vimla alifungua kompyuta akakata pumzi, vikohozi na vituo vyote, mpaka maneno yakamwagika kama maji ya bomba. Kwa kazi hiyo alisikiliza kila kipindi mara nyingi kuliko binadamu mwingine yeyote. Huo ulikuwa mwaka wa 2009, na intaneti ilikuwa bado ya kubembelezwa, kwa hiyo vipindi vilitolewa kwa diski za sidii pale mapokezi, vikaingia kwenye flashi, vikarushwa kutoka simu hadi simu. Kabla ya mwezi kuisha vilikuwa vimefika Mountain View, vikapita Kangemi, vikateremka Kinoo.

Wakati huo wote moyo wa Vimla ulikuwa ukisimama. Haukusimama moja kwa moja. Ulikwenda vizuri, kisha ukatulia kama mtu aliyekumbuka kwamba amesahau kitu dukani, kisha ukarudi kwa kishindo. Alipopanda ngazi za kliniki alishika ukuta. Aliogopa, tena aliogopa sana, ila hakuwa mtu wa kulalamika mbele ya wagonjwa.

Vimla, kama alivyolelewa, hakuwahi kumwita mumewe kwa jina. Alimwita vile mama yake alivyomwita baba yake, kwa kumuuliza tu kama anasikia.

"Unasikia?" alisema jioni moja wakifunga kliniki. "Moyo wangu unasimama katikati."

Lalit akainua kichwa, uso umechangamka. "Unasimama katikati! Hilo ni swali zuri la msikilizaji."

"Nilikuwa nataka unipime."

"Nitakupima. Jumapili, tukiwa tumetulia."

Jumapili alikuwa kabatini. Alisoma kwamba msikilizaji mmoja kutoka Parklands anauliza kuhusu moyo unaosimama katikati, akamjibu kwa upole mkubwa kwamba mara nyingi kwa akina mama hiyo ni chai kali na mawazo, na kwamba mwenye wasiwasi asichelewe, amwone daktari wake. Vimla alikata vituo vyote katika jibu hilo. Kisha akapunguza chai. Moyo haukupunguza kitu.

Mtu wa kwanza kupatikana na kipindi kifuani alikuwa Mzee Njuguna wa Kinoo, mwenye ng'ombe wa maziwa na nyumba za kupangisha. Alikuwa amekuja kwa sababu ya kikohozi. Lalit alipomwekea stetoskopu hakusikia mapafu. Alisikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Karibu tena, msikilizaji. Leo tunazungumzia figo." Akaisogeza mgongoni. Huko sauti ilikuwa imefika kwenye umuhimu wa kunywa maji.

"Mzee, umekuwa ukisikiliza podkasti?"

"Kila siku, daktari. Nilitiliwa kwa simu. Hata nikikamua ng'ombe naiweka."

"Iko hapa. Figo inasikika vizuri. Chini yake nadhani ni presha."

"Si nilijua!" Njuguna alisema, akifunga vifungo vya shati kwa fahari. "Mama Wangeci kule nyumbani yeye ako na ile ya sukari tu, na hata hiyo ni nusu. Hulala katikati."

Lalit alimwandikia vipimo vya figo, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa ikisikika. Njuguna alishuka ngazi akikohoa, na huko chini akamsimulia mwenye duka la miwani.

Baada ya hapo kazi ikawa nyepesi. Mgonjwa aliingia, akafungua kifua, na Lalit akasikiliza ni kipindi gani kinachocheza. Mwenye kipindi cha presha alipewa dawa ya presha. Mwenye kipindi cha tumbo alipewa ya tumbo. Waliokuja na vifua vitupu, vyenye mapigo ya moyo tu na pumzi, waliona haya, nao Lalit hakuwalaumu. Aliwapa sidii, akawaambia warudi wakishasikiliza. Usiku wa mgao wa stima Parklands nzima ilikaa gizani, televisheni zimekufa, na familia zikaegemeana vifuani kufuatilia kipindi. Mama mmoja wa Kisikh alimlalamikia Vimla kwamba kwa mumewe kipindi kinakwaruza, akauliza kama kuna dawa.

Hatimaye alikuja bwana mmoja aitwaye Hezekiah, kutoka ofisi moja ya maadili ya madaktari mjini, kuchunguza kama kifua cha mtu kikimtaja daktari ni tangazo. Alisikiliza wagonjwa waliokuwa wakisubiri, mmoja baada ya mwingine, kwa heshima, akiwapashia moto chuma cha stetoskopu kwa kiganja kwanza. Akaona kwamba vifua vinataja jina la daktari lakini havitaji kliniki, wala bei, wala namba ya simu. Kwa hiyo akasema hiyo ni elimu. Wakati wa kuondoka aliomba sidii ya mgongo.

Vimla alimtazama mumewe akimsindikiza mgeni hadi mlangoni, akawahesabu wote ambao siku hiyo walikuwa wamesikilizwa vifua, yeye hayumo. Roho ilimchoma. Kesho yake alimwambia Lalit anaenda kununua uzi, akaenda katikati ya mji, kwenye jengo moja karibu na soko, kwa Daktari Odhiambo, bingwa wa moyo, ambaye hakujua ni mke wa nani.

Odhiambo alimsikiliza kwa muda mrefu, macho amefumba. Alipoyafumbua alikuwa na uso wa mtu aliyekaribishwa chakula kizuri.

"Huyu ni Lalit," alisema.

"Ndiyo. Lakini chini yake, daktari. Chini ya sauti. Moyo unasimama."

"Inawezekana, mama." Odhiambo akaitoa stetoskopu masikioni. "Ila anaongea, na haachi nafasi. Siwezi kumkata kalima daktari mwenzangu. Sisi hatufanyiani hivyo."

"Kuna mashine."

Mashine ilimpima. Karatasi ilitoka na vilima vidogo vidogo vilivyobanana, na Odhiambo akaisoma kwa sauti: ilikuwa ile ya chai kali na mawazo. Akamkunjia vizuri, akamwambia kwamba hapo amekwisha kujibiwa, tena na mtu mwenye uzoefu. Vimla alinunua uzi kweli, kwa sababu alikuwa ameaga hivyo, akarudi nyumbani.

Mwezi uliofuata Krish alimtafutia Lalit nafasi ya kuhutubia madaktari katika ukumbi wa hoteli moja kubwa mjini. Mada ilikuwa jinsi daktari anavyoweza kujijengea heshima ya kitaaluma kwa sauti yake. Lalit alitaka kuwaonyesha wenzake kifua chenye vipindi vyote tangu cha kwanza, na kifua hicho kilikuwa kimoja tu.

"Nitakuwekea stetoskopu mimi mwenyewe," alimwambia Vimla. "Tutaiunganisha na kipaza sauti, wasikie wote."

Vimla alikubali upesi. Alifikiri kwamba Lalit ni daktari mzuri, au aliwahi kuwa, na kwamba sikio lake likigusa moyo huu mara moja tu litajua. Alichagua sari ya kijani, ile iliyokuwa ikining'inia karibu zaidi na maikrofoni. Ndani ya gari, walipokuwa wakiteremka kuelekea mjini, alikuwa na furaha iliyokaribia kuwa ya siku ya harusi.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Vimla alikaa kwenye kiti jukwaani, na Lalit akaweka chuma baridi chini ya bega lake la kushoto. Sauti ikajaa ukumbi: figo, presha, sukari, tumbo, vyote kwa mpangilio, bila kituo. Madaktari waliandika. Kisha likaja jibu kwa msikilizaji kutoka Parklands. "Mara nyingi," ukumbi ukasikia, "kwa akina mama hiyo ni..."

Halafu pakawa kimya.

Hakuna aliyekohoa. Vimla alijua kwamba hapo hapakuwa na kituo. Alikuwa amekikata yeye mwenyewe, kwa mkono wake, siku ya Jumatatu. Alimtazama Lalit. Lalit alikuwa ameinamisha kichwa, stetoskopu imo masikioni, na kwa mara ya kwanza tangu alipoombwa alikuwa akisikiliza moyo wa mkewe, nao ulikuwa umesimama. Vimla hakuweza kuvuta pumzi. Alimngoja.

"...chai kali na mawazo," ukumbi ukasikia, kwa kishindo.

Watu walisimama wakapiga makofi. Daktari mmoja wa safu ya mbele alimnong'oneza mwenzake kwamba kimya kile ndicho kinachomtofautisha mkubwa na mdogo. Lalit alimwinamia mkewe, macho yanang'aa.

"Kituo kile ulikiweka wewe?" alimuuliza. "Kizuri mno."

Walipofika nyuma ya jukwaa Krish alikuwa anatembea huku na huko. Alisema kwamba alikuwa amekosea kuhusu kimya, yaani amekosea kabisa, na kwamba kuanzia sasa vipindi vyote viwe na vituo. Si vingi. Vya hapa na pale, pasipotarajiwa, ili msikilizaji aogope kidogo. Aunti atajua pa kuviweka, alisema, kwa vile ana kipaji.

Jumapili Vimla alihamishia viatu kitandani. Lalit akaingia kabatini na kigoda chake. Mlango ulipofungwa, Vimla aliuegemea kwa paji la uso.

"Unasikia?" alisema.

"Nasikia, nasikia," Lalit alijibu kutoka ndani, kisha akasafisha koo. "Karibu tena, msikilizaji. Leo tunazungumzia umuhimu wa kumsikiliza mgonjwa."

Jumatatu, kati ya mgonjwa na mgonjwa, Vimla alifungua kompyuta. Mkono wa kulia aliuweka kwenye kipanya na wa kushoto akauweka kifuani. Akaacha kipindi kicheze, na kila mara moyo wake uliposimama, pale pale kipindi kilipokuwa kimefika, akaweka kituo cha urefu uleule.

Kipindi hicho kilipendwa kuliko vyote vilivyotangulia. Mzee Njuguna alipokuja na kikohozi chake alikuwa nacho tayari, upande wa kushoto, na akamwambia Vimla pale mapokezi kwamba siku hizi daktari amekomaa.